Nani Amwigize Marehemu?

Naomba nianze na meno.

Freddie Mercury alikuwa na meno manne ya ziada kinywani, nayo yaliyasukuma ya mbele yakachomoza. Hakukubali kuyarekebisha, akihofia kuiharibu sauti yake. Rami Malek alipopewa nafasi ya kumwigiza katika Bohemian Rhapsody, filamu ya 2018, alitengenezewa meno ya bandia, akawa anayavaa nyumbani muda mrefu kabla kamera hazijawashwa, mpaka mdomo wake ukazoea kuyafunika kama mwenyewe alivyoyafunika. Alipewa pia mwalimu wa miondoko, Polly Bennett. Uimbaji tunaousikia ni mchanganyiko wa rekodi za Mercury, sauti ya Mkanada Marc Martel, na kiasi cha sauti ya Malek. Februari 2019 Malek akaitwa jukwaani kupokea Oscar ya mwigizaji bora wa kiume.

Hayo yote yalisifiwa. Ubishi ulizuka kwingine. Mercury alipenda wanaume, na miaka yake ya mwisho aliishi na Jim Hutton, mpaka alipofariki London tarehe 24 Novemba 1991. Malek, kwa yale yanayojulikana, ni mwanamume anayependa wanawake. Sasa meno huvaliwa, sauti huazimwa. Je, mapenzi nayo? Na kama nayo yanaigizika, mbona tuzo za kuyaigiza zinawaendea wale wasioyaishi?

Swali hilo la pili lina ushahidi mzito. Tom Hanks alipata Oscar kwa Philadelphia ya 1993, akimwigiza wakili mwenye UKIMWI aliyefukuzwa kazi. Philip Seymour Hoffman aliipata kwa kumwigiza mwandishi Truman Capote. Sean Penn aliipata kwa kumwigiza mwanasiasa Harvey Milk. Kisha Malek. Wote wanne wanajulikana kwa mahusiano na wanawake. Hadi sherehe ya 2025, hakuna mwanamume aliyekuwa amejitangaza hadharani kuwa anapenda wanaume ambaye alishinda tuzo hiyo ya mwigizaji mkuu wa kiume. Ian McKellen aliikaribia kwa kumwigiza mwongozaji James Whale katika Gods and Monsters. Colman Domingo aliikaribia kwa Rustin. Wote wawili walirudi nyumbani mikono mitupu.

Wenyewe wa kazi wamegawanyika. Mwaka 2022 Hanks alisema kwamba leo mtu kama yeye hangeweza kupewa nafasi ile, na kwamba ni haki iwe hivyo. Miaka miwili baadaye Penn naye alisema hangeruhusiwa leo kumwigiza Milk, ila yeye alilisema kwa uchungu, akiona kwamba ubunifu unafungwa pingu. Russell T Davies, mwandishi wa tamthilia ya televisheni It's a Sin ya 2021, aliamua tangu mwanzo kwamba wahusika wake mashoga wataigizwa na mashoga, na akalitetea hilo bila kupepesa macho.

Msimamo wangu nitausema mapema, msije mkadhani nimeuficha chini ya mkeka. Sikubali kwamba mwigizaji lazima awe kile anachokiigiza. Tukikubali hilo, tufunge idara hii ya sanaa za maonyesho kesho asubuhi. Lakini sikubali pia jibu jepesi la "kuigiza ni kuigiza", kwa sababu hapa hatuzungumzii mhusika wa kubuni. Filamu ya wasifu inachukua jina la mtu, uso wake, kitanda chake na kifo chake, kisha inauza tiketi. Mara nyingi mwenyewe yuko kaburini na hana namna ya kukataa. Kuna deni hapo. Nitakachowaomba mkifikirie leo ni kwamba tumekuwa tukimdai mtu asiye sahihi. Tunamkamata mwigizaji shati, wakati aliyekopa ni mwenye mswada na mwenye mradi.

Tumrudie Mercury. Wapiga gitaa na ngoma wa bendi ya Queen, Brian May na Roger Taylor, walikuwa na mkono mkubwa katika utayarishaji wa filamu ile. Bila wao hakuna nyimbo, na bila nyimbo hakuna filamu. Matokeo yake ni hadithi ambamo bendi ni familia, na maisha ya Freddie pamoja na wanaume ni njia ya kupotea. Anakwenda Munich, anaangukia kwenye karamu na watu wabaya, anajuta, anarudi kwa wenzake kuomba radhi. Katika filamu anawaambia wenzake kwamba ana virusi vya UKIMWI kabla ya tamasha la Live Aid la Julai 1985. Katika maisha, maelezo ya watu wake wa karibu yanaweka kupimwa kwake karibu miaka miwili baadaye. Wametoa ugonjwa wa mtu mahali pake katika kalenda wakauhamishia pale unapoleta machozi zaidi, nao ukawa kama bili iliyoletwa mezani baada ya karamu. Jim Hutton, aliyekuwa kinyozi katika hoteli ya Savoy, amefanywa mhudumu wa vinywaji anayetoa nasaha. Haya hayakutoka kwa Malek. Hata tungempa nafasi ile mwigizaji shoga mwenye kipaji cha ajabu, angeyasema maneno yaleyale katika mpangilio uleule, na juu ya hayo tungeambiwa: mnataka nini tena, si mmepewa mwenzenu?

Na kwa kuwa Mercury ni mtoto wa Unguja, mnisamehe nichepuke kidogo. Kwa jina lake la kuzaliwa, Farrokh Bulsara, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi. Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa mdogo alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarejea, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Filamu inamkuta akibeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Zanzibar imebaki maneno machache ya kupita. Malek ni Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wakopti kutoka Misri. Waliouliza kama Malek anapenda wanaume walijaza magazeti. Waliouliza Mparsi yuko wapi, sauti zao zilikuwa hafifu sana. Sisi wenyewe hatuna haki ya kujitutumua: mwaka 2006 mipango ya kusherehekea, huko Unguja, miaka 60 tangu Mercury azaliwe ilivunjika kwa upinzani wa kikundi cha UAMSHO, na hata hivyo watalii wanaendelea kuonyeshwa nyumba yake.

Mfano ulio safi zaidi kuliko huo ni wa Alan Turing, kwa sababu hapo tuna kitabu kimoja na kazi mbili.

Mwaka 1983 mwanahisabati Andrew Hodges, naye akiwa ni mtu anayependa wanaume, alichapisha wasifu mkubwa wa Turing, mtaalamu aliyesaidia kuvunja mafumbo ya Wajerumani wakati wa Vita vya Pili. Kutokana na kitabu hicho Hugh Whitemore akaandika tamthilia, Breaking the Code, iliyoonyeshwa London 1986 na baadaye New York, kisha BBC ikaifanya filamu ya televisheni 1996. Turing aliigizwa na Derek Jacobi, ambaye ni mpenzi wa jinsia moja. Kutokana na kitabu hichohicho Graham Moore akaandika The Imitation Game ya 2014, na Turing akawa Benedict Cumberbatch, ambaye siye.

Tuangalie kwanza yaliyotokea. Januari 1952 nyumba ya Turing huko Wilmslow iliibiwa. Alikwenda mwenyewe polisi kuripoti. Katika kuhojiwa akaeleza, karibu bila kificho, uhusiano wake na kijana mmoja. Hakuona kosa, na hakudhani kwamba askari wangeona kosa kubwa kuliko wizi. Alitiwa hatiani, akachagua kudungwa homoni badala ya kwenda jela. Juni 1954 akafa kwa sumu ya sayanidi, akiwa na miaka 41. Msamaha wa Malkia ulimfikia Desemba 2013.

Tamthilia ya Whitemore inaushika huo unyoofu wa Turing, ule unaomfanya aseme ukweli pale ambapo mwerevu wa mtaani angenyamaza, ikaufanya mhimili wake. Tunawaona wanaume aliokuwa nao. Tunaona haya zake, tamaa yake, ucheshi wake. Katika filamu ya 2014 mapenzi yake yamebanwa kwenye urafiki wa shuleni na marehemu Christopher Morcom. Turing mtu mzima hamgusi mwanamume yeyote mbele yetu. Badala yake tunapewa muda mrefu wa uchumba wake na Joan Clarke, uchumba ambao ni kweli ulikuwapo, tena Turing alimwambia Clarke ukweli kuhusu nafsi yake. Kisha, na hapa ndipo mimi huwasha taa nikatembea chumbani, filamu inabuni kisa cha John Cairncross, jasusi wa Wasovieti, akimtishia Turing kwamba atamfichua, na Turing ananyamaza ili siri yake isitoke. Hakuna ushahidi wa jambo hilo. Wamemchukua mtu ambaye kosa lake mbele ya sheria lilikuwa kusema ukweli, wakampachika woga uliokaribia uhaini. Tena ni woga uleule ambao watawala wa zama zile waliutumia kama kisingizio cha kuwafukuza watu kama yeye kazini: kwamba wanatishika, hivyo hawaaminiki.

Cumberbatch anaigiza vizuri. Nimemwangalia mara nyingi na sina la kumlaumu katika ufundi. Na msikimbilie kusema, basi tofauti ni kwamba Jacobi ni shoga. Whitemore, aliyeandika kazi iliyo kweli zaidi, alikuwa mtu mwenye mke. Moore naye, baada ya hotuba yake ya Oscar, ilibidi aeleze kwamba yeye si shoga, maana watu walishadhania. Waandishi wawili, kwa upande huo, ni sawasawa. Mmoja aliyaacha mapenzi ya Turing yaonekane. Wa pili ni kama aliona yatazuia watazamaji wasimpende.

Sasa Milk. Harvey Milk alichaguliwa Novemba 1977 kuwa diwani wa San Francisco, mtu wa kwanza aliyejitangaza kuwa shoga kushika wadhifa wa kuchaguliwa katika jimbo la California. Tarehe 27 Novemba 1978 aliuawa kwa risasi ofisini pamoja na Meya George Moscone, na muuaji alikuwa Dan White, aliyewahi kuwa diwani mwenzake Milk. Kabla ya hapo Milk alirekodi kanda isikilizwe endapo atauawa. Filamu ya 2008 imejengwa juu ya kanda hiyo: Milk amekaa mezani anazungumza, na maisha yake yanatoka kinywani mwake. Nikisema deni kwa marehemu, namna mojawapo ya kulilipa ndiyo hiyo.

Nani aliitengeneza? Mwongozaji, Gus Van Sant, anapenda wanaume. Mwandishi, Dustin Lance Black, hali kadhalika, naye alipata Oscar usiku uleule aliopata Penn. Cleve Jones, aliyekuwa kijana wa Milk katika siasa, alikuwepo kama mshauri, akimwangalia mwigizaji Emile Hirsch akiwa yeye mwenyewe wa zamani. Walipiga picha katika mtaa wa Castro, na duka la kamera la Milk likapambwa upya palepale lilipokuwa. Mtu kama Penn akiingia katika nyumba ya namna hiyo, akikosea kuna wa kumwambia, "Harvey hakuwa akicheka hivyo."

Lakini kinachonifurahisha zaidi katika filamu ile ni nafasi ambazo hazizungumzwi. Seneta John Briggs, aliyeongoza kampeni ya kuwafukuza walimu mashoga shuleni mwaka 1978, kampeni iliyoshindwa kwenye kura, ameigizwa na Denis O'Hare. Meya Moscone, mume na baba wa watoto, ameigizwa na Victor Garber. O'Hare na Garber wote wawili wanapenda wanaume. Yaani adui mkubwa wa mashoga katika hadithi ile amevaliwa na shoga, na amemvaa vizuri, bila kumfanya katuni. Wanafunzi, mkitafuta mfano wa kuigiza kwa haki, andikeni jina la O'Hare kabla ya la Penn.

Najua wapo miongoni mwenu wanaosema: tufupishe maneno, tuweke kanuni, kila mtu aigize wa kwake. Kanuni ni nzuri mpaka uanze kuitekeleza. Ili nijue wa kwako ni nani, itabidi nikuulize. Nchini Uingereza sheria ya usawa ya 2010 inakataza kumbagua mwombaji kazi kwa sababu ya anayempenda. Mwenye mradi akitaka kuitii kanuni yenu lazima atembee pembezoni mwa sheria hiyo. Mwaka 2022 Kit Connor, kijana wa tamthilia ya Heartstopper, alisumbuliwa mitandaoni na watu waliomtuhumu kuwa anafaidika na utambulisho usio wake, mpaka akajitangaza akiwa na miaka 18, kisha akawaambia waliomsumbua kwamba hawakuielewa hadithi waliyokuwa wakiitetea. Waliomfanyia hivyo walijiita watetezi.

Huko ni Uingereza, ambako kujitangaza kunagharimu amani ya moyo na pengine kazi. Huku kwetu kunagharimu zaidi. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai ya Kenya kinataja miaka 14 jela. Sheria ya Tanzania inafika kifungo cha maisha. Kumtaka mwigizaji wa Nairobi au Dar es Salaam aonyeshe cheti cha mapenzi yake ndipo apewe nafasi ni kumtaka ajikabidhi.

Na hapa pana jambo ambalo mjadala wa Hollywood haukulifikiria. Mwaka 2014 kikundi cha The Nest cha Nairobi kilitoa Stories of Our Lives, filamu fupi tano zisizo na rangi, zilizotokana na masimulizi ya kweli yaliyokusanywa kwa Wakenya wapenzi wa jinsia moja. Mwongozaji alikuwa Jim Chuchu. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Mwanzoni hata majina ya waliotengeneza hayakutajwa. Chuchu na wenzake wawili walijitokeza Toronto, filamu ilipoonyeshwa huko, na mmoja wao, George Gachara, baadaye alikamatwa kwa madai ya kupiga picha bila kibali, kesi ikaja kufutwa. Fikirini kazi ya mwigizaji katika filamu ya aina hiyo. Msimulizi yupo hai, anaishi mtaani, na hawezi kuonyesha uso. Mwigizaji anampa uso. Kumtenga mwigizaji na aliyesimulia, kumfanya mtazamaji asiweze kukisia nani ni nani, ndilo jambo lenyewe linalomlinda. Hapo, mwigizaji "asiye mwenyewe" anaweza kuwa ndiye aliye sahihi kabisa, na hatari anayoibeba ni ya kweli, maana watazamaji wetu wana tabia ya kumwita mtu barabarani kwa jina la mhusika wake.

Tabia hiyo ina upande wake wa kuchekesha. Mchekeshaji Joti anavaa gauni, anabana sauti, nchi nzima inacheka, na hakuna anayeuliza nyumbani kwake kukoje. Lakini mwanamume laini katika vichekesho vyetu ni mkono uliolegea na kiuno kinachozunguka, basi. Mwigizaji aliyejifunza shoga kutoka kwenye vichekesho hivyo akipewa wasifu wa mtu halisi ataleta mkono uliolegea. Hoffman hakufanya hivyo na Capote. Sauti nyembamba ya Capote ilikuwepo, ilikuwa ya mtu huyo, na chini yake mlikuwa na ubaridi wa mwandishi anayesubiri watu wanyongwe ili amalize kitabu. Ukitoka kwenye filamu ile unakumbuka ule ubaridi.

Limebaki suala la ajira, nami sitaki nionekane nimelikwepa, kwa sababu ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mwigizaji Rupert Everett alipojitangaza alikuwa kijana mwenye sura iliyotafutwa na kila mtayarishaji. Amesema mara kadhaa kwamba baada ya hapo milango ya nafasi kubwa ilifungwa. Alipotaka kumwigiza mwandishi Oscar Wilde wa miaka ya uhamishoni, ilibidi aandike mwenyewe, aongoze mwenyewe, na azunguke karibu miaka kumi akitafuta fedha, mpaka The Happy Prince ikatoka 2018. Jina la Colin Firth, aliyekubali nafasi ndogo, lilisaidia kufungua mifuko. Mwaka uleule ikatoka ile ya Malek na meno yake.

Tazameni pia Love Is the Devil ya 1998, filamu ya maisha ya mchoraji Francis Bacon. Bacon ni Jacobi yuleyule. Mpenzi wake, George Dyer, ni Daniel Craig, anayependa wanawake. Wasimamizi wa mali ya Bacon walikataa michoro yake ionyeshwe, hivyo mwongozaji John Maybury akapiga picha kupitia glasi na vioo mpaka nyuso zenyewe zikapinda kama michoro. Katika vitanda vile hutaweza kusema nani anaigiza na nani anakumbuka. Miaka minane baadaye Craig akawa James Bond. Mwaka 2024 akarudi katika Queer, akimwigiza mwanamume anayemtamani mwanamume, na watu wakampigia makofi kwa ujasiri. Safari hiyo ya kwenda na kurudi sioni vibaya kwamba Craig ameifanya. Naona vibaya kwamba mtu aliyejitangaza hajawahi kupewa tiketi ya kwenda kwa Bond.

Kwa hiyo mkiwa siku moja mmekaa upande wa pili wa meza ya usaili, msimuulize kijana analala na nani. Mpeni shoga nafasi ya jaji, ya askari, ya mume mwenye wivu, ya seneta Briggs. Jambo hilo linawezekana, na tayari linafanyika. Jonathan Bailey, ambaye kila mtu anajua kwamba anapenda wanaume, alikuwa bwana Anthony katika Bridgerton, akimpenda mwanamke kwa msimu mzima wa 2022 mbele ya mamilioni ya wanawake waliokuwa wakihema kwenye makochi yao, na sijasikia hata mmoja aliyeiandikia Netflix barua kudai arudishiwe ada yake.